Alama Chini ya Herufi

Miaka ishirini na sita nimempigia chapa noti zake,
d na r na m, nukta pacha, mstari, nukta pacha,
na kile kimkia chini ya herufi, cha sauti ya chini,
ambacho mashine yangu ya kwanza haikuwa nacho;
nikakichora kwa kalamu, nakala arobaini, kimoja kimoja.

Profesa Nehemia Chidosa husomea begani kwangu,
ananuka chaki na karanga za kukaanga.
"Bi Mbeleje, besi wangu umewapandisha juu ya paa."
Kweli. Nilisahau kimkia.

Agosti upepo wa Dodoma haubishi hodi:
hufungua dirisha, huingia na vumbi lake,
hubeba ukurasa wa sauti ya pili hadi kwenye zabibu za jirani.
Mwaka mmoja tuliimba mahafali bila alto.
Mgeni rasmi alipiga makofi.
Profesa hakula siku ile.

Mengine niliyajua kwa kuchapa wasifu wake
kila alipoomba kupanda cheo:
kuzaliwa Mvumi, mwaka wa njaa,
shule ya misheni, kinanda cha miguu chenye mapafu mabovu,
kisha Ulaya, shahada, baridi.
Hapakuwa na nafasi ya kuandika kwamba huko
karatasi yake ilirudi na wino mwekundu:
sauti mbili zinatembea sambamba, kosa,
kosa,
kosa.
Alikuwa ameandika mama yake akitwanga uwele
na shangazi akimwitikia toka uani.
Alisahihisha. Alifaulu.
Akarudi, akafundisha kosa lile
miaka kumi na minane, kwa wino uleule.

Mpaka Nyemo Msaka, binti wa Chamwino,
alipoambiwa asimame aimbe zoezi alivyolikosea.
Akaimba. Mwenzake akaingia chini yake, bila kuitwa.
Profesa akaketi kwenye ngazi, chaki mkononi,
kama mtu aliyeitwa kwa jina la utotoni.

Kesho yake alinimwagia mezani mitihani ya kabati zima.
"Tuandike barua. Kila mmoja na yake."
Barua mia mbili na sita za kuomba radhi.
Nyingi zilirudi; masanduku ya posta yamefungwa,
na mmoja, mwalimu wa hesabu huko Kibaigwa, alijibu:
Profesa, mimi nilishaacha kuimba.
Hiyo aliikunja akaiweka mfukoni.

Ijumaa wamemuaga. Saa ya ukutani, soda, hotuba ndefu.
Aliongoza wimbo mmoja kwa kipande cha penseli.
Mkono wake wa kushoto siku hizi hutetemeka;
tena wakadhani ni ishara, wakatetemesha sauti.
Ilipendeza, sitasema uongo.

Jumamosi, nasikia, huwa Mvumi,
nyuma ya wanawake wa muheme, bila karatasi.
Mmoja wao, ngoma kati ya mapaja, humgeukia:
"Wewe babu, umechelewa kuingia."
Huitikia kwa kichwa.
Wanaanza upya.