Mlango wa Tuktuk

Mimi ni fundi wa miavuli, Mwembe Tayari,
kibanda cha tatu ukishampita muuza tambuu.
Masika ndiyo mavuno yangu.
Kiangazi hushona viatu, nisije nikasahauliwa na sindano.

Bi Mwanakombo alikuja Jumatatu, kabla ya adhuhuri,
kabeba kitu kirefu ndani ya leso
kama anayekwenda kuzika nyoka.
Akakilaza mezani, akafunua.
Fimbo ya kuvulia, nyeusi, ya kiwandani,
imevunjika shibiri moja kutoka nchani,
na mshipi bado umezishika pande mbili
zisiachane kabisa.

"Imebanwa na mlango wa tuktuk,"
akasema, hata sijauliza.

Nikalitazama lile jeraha.
Kitu kilichobanwa hupondeka, hulala bapa,
kama muwa uliopita kwenye mashine.
Hili lilikuwa na nyuzi ndefu, zimechanuka upande mmoja,
upande wa pili zimekunjamana:
ndivyo ulivyo ukuni uliovunjiwa gotini.
Na tuktuk, jamani,
tuktuk za mji huu nazijua, nazipanda tangu zilipoingia:
zina turubai, zina chuma cha kuzuia watoto, zina redio.
Mlango hazina.

Nikasema, "Tuktuk hizi! Si watu."
Akacheka kidogo. Akakaa kwenye kigoda,
mguu wa kulia kaunyoosha,
mkono juu ya goti, akilikanda taratibu juu ya buibui
bila mwenyewe kujua.

Haya, kazi.
Nilikata palipochanuka, kidole kwa kidole,
huku na huku, mpaka nikafika palipo pazima.
Nikachagua ubavu wa mwavuli
ambao mwenyewe aliuacha tangu mvua za mwaka juzi asirudi.
Nikazipiga gango zile pande mbili,
gundi, kisha uzi wa nailoni,
mzunguko juu ya mzunguko, nimekaza kwa meno,
na juu yake rangi ya kucha, niliyoomba kwa msusi jirani.
Nyekundu. Hakuwa na nyingine.

Nikamwambia ukweli, maana huo nauweza:
"Itavua. Lakini itapinda mpaka hapa tu;
hapa penye kidonda itakataa.
Samaki mzito akinasa, mkono utaisikia ikikataa.
Na haitakuwa ndefu kama jana."
Akasema, "Hata mwenyewe si mrefu kama jana."
Nilimwambia mia mbili. Akaweka mia tatu,
akaenda zake bila kungoja chenji,
akishuka ngazi mguu mmoja mmoja.
Fimbo aliiacha, gundi ikauke.

Alhamisi akaja Shebwana,
karani wa mizigo Kilindini,
macho mekundu ya mtu anayekesha kwenye mawe ya Mama Ngina
na kurudi nyumbani na chambo chake kizima.
Akaipinda fimbo hewani, akaisikia inakataa.
Akapitisha kidole juu ya ile rangi nyekundu
kama anayesoma barua aliyoandikiwa zamani
ikachelewa kufika.
"Mlango wa tuktuk," akaniambia, akitazama barabarani
ambako zilikuwa zikipita nne, tano, wazi pande zote,
upepo unaingia huku unatokea kule.
"Nimesikia," nikasema. "Mlango wa tuktuk."

Jumapili mtoto aliniletea changu wawili kwenye mfuko,
wamekwisha parwa magamba,
wametiwa ndimu na chumvi na pilipili ya kutwanga.
Shebwana, nimjuavyo, hana habari ya ndimu.

Kile kipande kilichochanuka, vidole vinne, kilibaki kwangu.
Nimekichomeka ukutani juu ya cherehani.
Kijipete chake bado kipo, kidogo kama jicho la dagaa.
Humo napitisha uzi ukienda kwenye sindano,
na tangu hapo haujafunga fundo.