Mzani wa Barua

Miaka thelathini na mmoja nilipima barua za watu
katika posta ya bonde letu, Virginia, chini ya milima,
na nilipostaafu walinipa ule mzani mdogo wa shaba
badala ya saa.
Sasa umekaa juu ya meza ya jikoni. Unapima baridi.

Usiku wa kwanza sikujua kitu.
Nilifunga machela kati ya mialoni miwili,
nikajitia ndani ya mfuko wa kulalia, mnene kama dubu,
nikajiona nimeshinda.
Saa nane mgongo ukaniamsha:
kifuani nilikuwa jikoni, mgongoni nilikuwa mtoni,
upepo ukipita chini yangu kama maji chini ya daraja.
Nilikesha nimejifunika ramani.

Odell Stiltner, mwenye duka la vifaa, alicheka, wala hakujificha.
"Arvella, nani kakwambia manyoya yana joto?
Joto ni la hewa iliyotulia ndani yake.
Ukiyalalia umeikamua. Umelalia kitambaa."
Akabinya kipande cha blanketi, akakiachia;
kikaumuka polepole, kama unga uliokumbushwa hamira.
"La chini halilaliwi. Linaning'inia nje ya machela,
likuguse, usilibane."

Basi nikaanza kupima.
Godoro la sponji: wakia nane na nusu.
Halijali mvua, bei yake chakula cha mchana,
lakini usiku hutoroka, nawe ukalikuta asubuhi
miguuni, limejikunja, halina hata aibu.
Blanketi la nyuzi za kiwandani: wakia ishirini na nane.
Hilo hata likilowa bado linaikumbuka kazi yake.
La manyoya ya bata bukini: wakia kumi na saba,
na nusu ya pensheni yangu.

Magoti yalipiga kura: kumi na saba.
Pochi ilikataa.

Ndipo nikaukumbuka mfarishi wa kitanda cha watu wawili,
zawadi ya mama mkwe mwaka tulipooana,
uliokunjwa kabatini tangu Hobart ahamie Roanoke
kwa mtu mwingine na godoro jingine.

Niliufumua bafuni, mlango nimeufunga, ndani ya beseni kavu.
Manyoya yalipanda kama moshi usiojua unakokwenda,
yakaingia kwenye nyusi, puani, ndani ya chai.
Niliyachota mafungu ya wakia mbili mbili,
nikishusha pumzi kando, maana mzani ule
husoma hata pumzi.
Miaka kumi na tisa ya ndoa, yote:
wakia ishirini na mbili.
Nilidhani ingekuwa mizito zaidi.

Nusu nilijazia vijumba vya nailoni
nilivyoshona majuma mawili kwa cherehani.
Nusu niliitia ndani ya bahasha kubwa,
nikaandika anwani ya Roanoke,
nikabandika stempu kamili, hata senti haikupungua.
Mimi si mtu wa kudaiwa.

Langu lilipokamilika, na kamba zake: kumi na saba na robo.
Hiyo robo nadhani ni uzi.

Oktoba nikapanda tena hadi mgongo wa mlima.
Nililegeza kamba, upepo ukapata njia;
nikakaza, manyoya yakafa;
nikalegeza tena kidogo, upana wa kidole,
hapo nikaacha.
Nililala. Sina zaidi la kusema juu ya usiku ule.

Asubuhi sakitu ilikuwa imeivisha kamba soksi nyeupe.
Nilipitisha mkono chini ya mgongo: palikuwa na joto,
joto langu mwenyewe, halijaenda popote.
Unyoya mmoja ulikuwa umechungulia kwenye mshono.
Sikuung'oa. Odell alinionya:
ukiung'oa mmoja, tundu huwaita wenzake.
Niliubana kwa upande wa pili, kwa kucha mbili,
nikaurudisha ndani, ukarudi.