Mtupa Jongoo

Maji yalipokupwa Mahut, Bi Ghaliya
alimpapasa kwa vidole vya mguu, gizani,
akamtia ndooni: jongoo bahari,
mnene, baridi, hana uso wa kumlaumu mtu.
"Mnunuzi angenipa riali nne," akasema.
"Haya, chukua."

Maskati, maabara, saa tano usiku.
Nimemkausha, nimemsaga, nimemloweka kwenye spiriti,
nimemchuja hata amebaki povu
na unga usiojaza ukucha.
Nikaudondosha kwenye kisahani cha seli za saratani.
Kulipokucha zote zilikuwa zimepasuka.
Nikapiga kigelegele peke yangu, mlango nimeufunga.

Kisha nikaujaribu kwenye damu. Damu yangu.
Nayo ikapasuka.

Ndiyo kazi yenyewe: kuifunza sumu adabu.

Mama yuko Barka. Titi la kushoto limeondoka tangu Shaabani.
Hunipigia simu kila alfajiri
kwa Kiswahili alichokuja nacho kutoka Wete:
"Mdudu wako hajambo?"
Namweleza: jongoo akikerwa
huyatapika matumbo yake yote,
hujificha mchangani, akayaotesha upya.
Kimya. Nasikia kiyoyozi chake kikivuma.
"Kanizidi," anasema. "Mimi halijaota."
Anacheka mpaka kikohozi kinamkata.

"Na dawa, lini?"
Miaka kumi, labda.
Labda isiwe.

"Basi usimtupe, mwanangu. Mtupa jongoo..."
Haimalizii. Simu imekatika, au ameiacha makusudi.
Natazama mkononi:
kijiti cha kioo cha kukorogea,
bado kina povu.