Mgongo wa Picha

Nimeilaza kifudifudi mezani,
nimeilowesha kwa brashi pana ya manyoya,
nangoja gundi ya miaka mia na sitini ikubali kuachia.
Wino hautishiki. Wino mkongwe ukilowa hunyamaza
kama mtu aliyekwisha kuulizwa maswali yote.

Mbele kuna daraja la mbao,
theluji (si rangi, ni karatasi iliyosamehewa),
mtu na mwavuli, tumeonyeshwa kisogo tu,
na juu kulia kunguru mnene,
mnene kupita haki yake.
Wenye elimu wamemwandikia kurasa.
Mmoja kasema ni mauti. Mwingine, serikali.
Mimi fundi wa kubandika, hapa Kyoto;
riziki yangu iko nyuma ya picha.

Sawano Hisae, binti wa mtengeneza wino wa Nara.
Miezi ya baridi alikanda masizi na gundi ya ngozi
kwa nyayo, kabla jua halijatoka.
Kamasi zake zilikuwa nyeusi hadi maua ya mfyulisi yachanue.
Akaozwa kwa muuza chumvi aliyetaka mke mweupe.
Alisugua visigino kwa pumba za mchele
mwaka, miaka;
weusi ukagoma kwenye nyufa.
Alizaa wanne, akabakiwa na mmoja.
Akichora, ni usiku, kwa vipande vya wino vilivyovunjika
ambavyo baba alimpenyezea ndani ya pipa la figili.

Karatasi ya nyuma inabanduka sasa.
Natumia kibanzi cha mwanzi. Sipumui.
Ni ukurasa wa daftari la duka:
chumvi, magunia saba. Deni la Iwakichi, bado.
Deni la mjane wa Horikawa, lisidaiwe.
Na pembeni, mwandiko mwembamba:

*Mtoto kanigonga kiwiko. Tone limeanguka angani.
Nimemchapa. Amelala na kwikwi.
Tone nimelipa mbawa.*

Maji yakimwagika hayazoleki,
mama yangu aliniambia hivyo, na mama yake.
Hawakumjua mwanamke huyu.

Niwaandikie wenye elimu?
Kesho, pengine. Chai imepoa.
Naigeuza picha taratibu, uso juu,
na nyuma ya mwenye mwavuli, darajani,
mahali nilipodhani pana ukungu wa uzee,
naona nyayo katika theluji.
Ndogo. Peku.
Nyeusi kila vidole.