Wiki ya Mtumba

Marit, wifi yangu, alinifunza hivi:
anza chini. Anza chini mpaka uone haya,
kisha teremka ngazi moja zaidi.
Yeye amenunua tatu kwa njia hiyo,
moja Arizona, mbili kando ya ziwa huko Missouri,
na huzisimulia kama mwindaji anayehesabu pembe.

Mimi naendesha gari la kusukuma theluji, Duluth.
Toka Novemba hadi Machi nayajua mapambazuko
kwa rangi ya chumvi juu ya lami.
Nilitaka wiki moja tu ya Aprili, Florida,
chumba, roshani, bwawa,
mahali ambapo maji hayajui kuganda.

Nikampata Bwana Dombrowski, mgane, wa Ocala.
Wiki ya kumi na nne, chumba 214, milele.
Ndivyo mkataba unavyosema: milele,
neno ambalo hata kanisani kwetu hutamkwa taratibu.
Aliinunua dola elfu kumi na nane na mia mbili,
mwaka tisini na saba, mbele ya kifungua kinywa cha bure
na muuzaji mwenye meno mengi.

Nikaandika bei yangu nyuma ya risiti ya dizeli: mia nne.
Nikaitazama.
Ilifanana na tusi lenye sifuri mbili.

"Mia nne," nikasema kwenye simu,
sauti nyembamba, ya mtu anayerudisha gauni dukani
baada ya kulichezea harusini.

Kimya.
Nikasikia saa yake ya ukutani.
Nikasikia friji ikianza kunguruma, ikachoka, ikaacha.
Marit alinionya: kimya ni mtego,
atakayesema kwanza ndiye atakayelipa.
Lakini Marit hajawahi kusikiliza friji ya mzee
anayeishi peke yake.
"Mia sita," nikasema.
Mnada mzima, na mnunuzi nilikuwa mimi tu.

Akakohoa.
"Bibie, nilikuwa natafuta namna ya kukuuliza
kama ungeichukua kwa dola moja."

Halafu akanihesabia, bila kuulizwa:
ada ya matunzo elfu moja mia moja arobaini,
mwaka jana elfu moja na sitini,
haijawahi kushuka, hata mwaka ule paa lilipovuja.
"Soma ukurasa wa kumi na tisa kabla hujatia sahihi.
Mimi sikuusoma. Mayai yalikuwa yanapoa."

Basi tukapatana kinyumenyume,
kama wageni wawili mezani na bili moja,
kila mmoja akiisogeza kwa kidole upande wa mwenzake.
Ada ya mwaka huu, lipa wewe. Nusu.
Gharama za kuhamisha hati, zote. Sawa, zote,
ila usiniulize tena kuhusu roshani.

Sikuwa nimeuliza kuhusu roshani.

"Inatazama maegesho," akasema.
"Kipeperushi kinasema ziwa.
Irena alikuwa akisimama kona ya kushoto,
anainamisha kichwa hivi,
anasema: naliona."

Ukurasa wa kumi na tisa niliusoma usiku mbili,
miguu kwenye hita, penseli mdomoni.
Unasema watoto wangu watarithi deni hilo pamoja nami,
wasipolikataa kwa maandishi, ndani ya siku tisini.
Nikapiga mstari chini ya tisini.
Nikatia sahihi.

Dola moja niliituma kwa bahasha.
Stempu, senti sabini na tatu.
Robo dola na senti mbili zaidi,
na posta ingekuwa imenishinda kwa bei.

Marit akauliza nilishuka mpaka wapi.
Nikamwambia.
Nikamuuliza ukurasa wa kumi na tisa wa mikataba yake unasemaje,
ile mitatu.
Akanyamaza.
Safari hii sikuongeza kitu.