Unga Usioshikana

Jumatatu, silo namba nne imegoma kutapika.
Tunaigonga ubavuni kwa nyundo za mbao,
Detlev juu, mimi chini, ngwa, ngwa, ngwa,
na ndani unga wa mpira tulioukausha Ijumaa
umelala siku mbili umekumbatiana,
umekuwa bonge moja la tani sita.

Langoni pameandikwa kwa rangi nyekundu
kwamba umoja ni nguvu.
Mpira umeusoma ule ubao
ukauamini kuliko sisi.

Bi Irmtraud Zschiesche wa maabara
hakucheka. Alichukua kipande cha bonge,
akakivuta, akakiachia, kikarudi.
"Si ukaidi," akasema. "Ni uchi.
Chembe iliyo uchi ikimgusa mwenzake aliye uchi
haina sababu ya kuachia."

Miezi saba tukamkorogea utomvu.
Chaki iling'oka njiani. Talki ilitufanya mizimu,
tukakohoa nyeupe hadi nyumbani.
Sabuni ilitoa povu tu, na karipio la ofisini.
Kisha usiku mmoja wa Februari, mto Saale umeganda,
akamimina maziwa ya pili ndani ya maziwa ya kwanza,
plastiki ngumu, nyembamba kuliko utando wa uji,
halafu asidi, tone, tone,
polepole kama anayemvisha mtoto aliyelala.
Kila chembe ikapata shati lake.

Tukakausha. Tukaweka uzito juu, siku mbili.
Jumatatu Detlev alifungua mlango wa chini, nyundo mkononi,
na unga ukashuka
shwaaa
kama mtama unaomwagwa kwenye ungo,
ukamjaa viatu, ukampanda magoti,
naye amesimama tu, nyundo haina kazi.

Wakubwa walikuja na kamera. Pichani yeye hayumo.
Nilimkuta kantini anakunja leso yake mara nne.
Nikamuuliza alijuaje.

"Mume wangu na mimi," akasema,
"tuliishi chumba kimoja na mama yake miaka kumi na mmoja.
Tulitundika pazia.
Pazia tu, Wolfram, la kitambaa chepesi.
Hatukuachana."

Akanywa kahawa yake, imeshapoa.
"Na usisahau: kwenye kinu cha kuchanganyia, kwa joto lile,
shati huyeyuka.
Pale ndipo washikane."