Nyumba Bila Ardhi

Rebwar, fundi wa jenereta za meli, chumba cha tatu
mkono wa kushoto ukishapita pipa la maji,
alimkuta mama ukumbini akihesabu noti
akauliza: Mbona mwenye nyumba analipa kodi?

Huku Majengo swali hilo halijibiwi kwa pumzi moja.
Kuta ni zetu. Mlango, boriti, bati, vyetu.
Hata mchwa wa kwenye miimo tumewarithi kihalali.
Bali udongo ulio chini una mwenyewe,
nasi hatujapata kumwona. Twamjua karani wake,
mkoba wa ngozi, kalamu sikioni,
kila tarehe tano.

"Nyumba bila ardhi," mama akamwambia,
kama mtu atajaye ugonjwa wa ukoo.

Rebwar akacheka mpaka akakaa chini.
Mama, akasema, hivyo ndivyo tulivyo sisi, Sulemania.
Bunge tunalo. Bendera tunayo, ina jua katikati.
Askari wetu, shule kwa lugha yetu,
na mishahara inayosubiri Baghdadi iamke na roho njema.
Mwaka ule tulipiga kura, tukataka na udongo.
Wino haujatoka kidoleni, viwanja vya ndege vikafungwa.

Kaka yake Hemin hupiga simu Alhamisi usiku.
Hawajuliani hali kabla ya kugombana.
Hemin: shika ulichonacho, kuta si haba,
mwenye kuta ana pa kuegemea.
Rebwar: na siku ya kufukuzwa, utazibeba mgongoni?
Haya hunitafsiria asubuhi, macho mekundu.
Mimi Kikurdi sikijui,
lakini ugomvi wa ndugu juu ya nyumba
nausikia hata kupitia ukutani.

Nilikuwa namfundisha sarufi, maji yakishakingwa.
Nyumbani kwangu, nyumbani mwangu, nyumbani pangu.
Akataka tofauti.
Nikamwambia: kwangu ni huko, hata ukiwa mbali;
mwangu ni ndani, mlango ukishafungwa;
pangu ni hapa hasa, unapoweza kuweka kidole.
Akaandika daftarini. Akafuta. Akaandika tena.
"Kwangu niko," akasoma. "Mwangu nimo.
Pangu..." akalitafuta neno darini,
"pangu sipo."

Sikumsahihisha.

Mama alizaliwa mwaka wa Madaraka.
Sisi, alimwambia akichambua mchele,
tulipewa Madaraka Juni, Uhuru Desemba;
miezi sita, hata mimba haijakomaa.
Nyinyi Juni yenu ina miaka mingapi?
Rebwar akaanza kuhesabu kwa vidole, akaacha.

Mama akapuliza makapi.
Na hiyo Desemba yetu ilipokuja, mwanangu,
bendera zikapanda, babaangu akachinja mbuzi wa kukopa.
Tarehe tano Januari akaja karani.
Mkoba uleule.

Rebwar akanyamaza kitambo.
Basi mngeikataa? akauliza. Hiyo Desemba?

Mama alitoa jiwe kwenye mchele,
akaliangalia, akalitupa uani.
"Nani kasema?"

Leo ni tarehe tano, mama yuko kliniki,
mimi nina unga mikononi.
Rebwar ndiye aliyefungua mlango,
akahesabu noti, akapokea risiti,
akaisoma kwa sauti polepole, kama nilivyomfundisha:
vyumba sita, kodi ya ardhi, Juni.
Akaikunja,
akaitia pamoja na nyingine kwenye kopo la biskuti.
Kifuniko kikagoma kufunga.